Kuhifadhi wavu wa pembetatu bila kumaliza memori: maswali yanayorudi kila wiki

Huku Lamu tuko watu wachache tunaopiga picha milango ya nakshi na zidaka za nyumba za zamani, picha mia mbili mia tatu kwa mlango mmoja, halafu programu inatugeuzia kuwa umbo la 3D. Kupiga picha si kazi, kazi inaanza umbo likishatoka, lapitopu inaganda, simu inakataa kufungua, na mimi napokea voisinoti zilezile kutoka kwa watu tofauti. Basi nimeyakusanya maswali hapa. Ukiona nimeandika "angalia swali la 4" usinune, ni vile nimechoka kurudia.

Mfano nitakaoushikilia ni mlango mmoja wenye pembetatu milioni 4 na nukta milioni 2 hivi. Umbo la ukubwa huo ni la kawaida kabisa ukichukua nakshi kwa karibu.

## Mwanzo kabisa

1. Wavu wa pembetatu ndio kitu gani hasa?

Chukua wavu wa mvuvi ulitandaze juu ya kitu. Fundo ni nukta, uzi kati ya mafundo mawili ni ukingo, na jicho la wavu ni kipande cha sura. Sisi wavu wetu kila jicho lina pande tatu tu, manake nukta tatu daima zinalala bapa, nukta nne moja inaweza kuinuka na umbo likapinda, na kadi ya grafiki yenyewe imetengenezwa kuchora pembetatu.

Ndani ya kompyuta kuna vitu viwili vinahifadhiwa. Kuna mahali, yaani x, y na z ya kila nukta. Na kuna muungano, yaani nukta zipi zinashikana kufanya pembetatu ipi, na pembetatu ipi ni jirani ya ipi. Watu wengi wanahangaika na mahali, kumbe anayekula memori sana ni muungano. Shika hilo tu na nusu ya maswali yaliyobaki utayajibu mwenyewe.

2. Mlango mmoja tu, mbona faili ni MB 200?

Naweza kukisia bila kuliona: umelitoa kwa STL, aina ya faili la umbo la 3D. STL ya kibainari ina baiti 80 za kichwa, baiti 4 za idadi, halafu kila pembetatu inachukua baiti 50 (nomali, yaani mwelekeo ambao pembetatu inatazama, 12, nukta tatu 36, na 2 za ziada ambazo mara nyingi hazina kazi). Milioni 4 mara 50, hizo MB 200 zako.

Ubaya wake ni kwamba nukta moja inaandikwa upya kwa kila pembetatu inayoigusa, na kwa kawaida zinazoigusa ni sita (kwa nini sita, swali la 3). Yaani ni kama kila nyumba ya mtaa iweke nakala yake ya anwani za majirani wote, tena ikiwa imeandikwa kwa mkono. Na juu ya hayo hujui nani kapakana na nani, ni rundo la pembetatu zimemwagwa chini.

3. Kwa nini kila mtu anasema nukta ni nusu ya pembetatu?

Ni hesabu ya Euler: kwa umbo lililofungika lisilo na tundu la kupenya, nukta toa kingo jumlisha pembetatu ni 2. Kila pembetatu ina kingo tatu na kila ukingo unatumiwa na pembetatu mbili, kwa hiyo kingo ni mara moja na nusu ya pembetatu. Ukiweka hiyo kwenye hesabu, ile 2 haina uzito kwenye mamilioni, unabaki na pembetatu karibu mara mbili ya nukta, na kingo mara tatu ya nukta. Pembetatu mbili kwa kila nukta, kila moja na kona tatu, ndiyo hiyo sita ya wastani.

Yule sungura wa Stanford ambaye kila mtu anamjaribia programu yake ana nukta 35,947 na pembetatu 69,451. Imepungua kidogo kwenye mara mbili kwa sababu faili lake lina nukta ambazo hazitumiwi na pembetatu yoyote, na chini ana matundu. Ukihesabu wavu wako ukakuta nukta ni mara tatu ya pembetatu, hujaunganisha, bado una rundo la swali la 2.

## Indeksi

4. Indeksi zinasaidia nini na nitaokoa kiasi gani?

Unaweka orodha moja ya nukta, kila nukta mara moja, baiti 12 (namba tatu za desimali za biti 32). Halafu orodha ya pili, kila pembetatu ni namba tatu zinazosema "mimi ni nukta ya 17, ya 902 na ya 18", baiti 12 nyingine. Namba hizo ndizo indeksi. Mlango wetu: nukta milioni 2 ni MB 24, pembetatu milioni 4 ni MB 48, jumla MB 72 kutoka MB 200. Hujapoteza kitu, hata nomali ya pembetatu utaihesabu mwenyewe kutoka nukta zake.

Ona lakini, MB 48 ni muungano na MB 24 tu ndiyo mahali. Ndiyo maana nilisema vile kwenye swali la 1.

Kama kazi yako ni kuchora tu, umbo likae pale mtu alizungushe kwenye simu, ishia hapa, pitia swali la 5 na la 12, mengine acha. Nasema kweli. Watu wanasoma habari za nusu-ukingo (swali la 9) wanadhani bila hiyo hawajafanya kazi ya maana.

5. Naweza kutumia indeksi za biti 16?

Unaweza na ni vizuri, indeksi zinashuka nusu. Sharti ni wavu usizidi nukta 65,535. Hesabu inasema 65,536 lakini ile namba ya mwisho, 65,535, kwenye WebGL 2 (njia ya kuchora 3D ndani ya kivinjari) na kwingineko inatumika kama alama ya "anza upya", usiiguse.

Mlango wa nukta milioni 2 unaukata vipande thelathini na kitu, kila kipande na orodha yake. Nukta za mipakani zitajirudia, kwa hiyo kata vipande vya mviringo-mviringo, si vyembamba virefu, mpaka uwe mfupi. Indeksi zitatoka MB 48 hadi MB 24, nukta zilizojirudia zitaongeza kidogo sana. Na kuna faida ambayo hukuiomba: simu ikiwa haionyeshi upande wa nyuma, vipande vya huko huvichori kabisa.

6. Nimeunganisha nukta zinazofanana lakini hesabu haijashuka, na rangi zimeharibika

Hayo ni mambo mawili. Hesabu haijashuka kwa sababu unalinganisha desimali kwa usawa kamili, moja ni 1.2000000 na mwenzake 1.2000001, kwako ni ileile kwa kompyuta ni mbili. Zikate kwenye gridi kwanza (swali la 12) halafu linganisha namba nzima.

Rangi zimeharibika kwa sababu nukta mbili zinaweza kukaa mahali pamoja na zikawa na kazi tofauti. Picha ya mlango imekatwa kama kitambaa cha fundi cherehani, penye mshono upande huu unasoma rangi sehemu hii ya picha na upande ule sehemu nyingine. Ukiziunganisha umevuta kitambaa. Faili la OBJ linaruhusu indeksi mbalimbali za mahali, rangi na nomali, lakini kadi ya grafiki na faili la glTF wanataka indeksi moja kwa vyote, kwa hiyo kwenye mshono nukta lazima iwe mbili. Kubali. Kwa kutafuta majirani tu ndiyo uweke jedwali dogo la pembeni linalosema "nukta hii na ile ni mahali pamoja".

7. OBJ, PLY, STL, glTF, nihifadhi kwa lipi?

PLY ya kibainari kwa kazi ya ndani, glTF kwa simu na mtandao. OBJ ni maandishi matupu, ni nzuri ukitaka kufungua uone kwa macho, ila nzito, na indeksi zake zinaanza 1 si 0, hilo limeshakula jioni za watu wengi. STL mpe mwenye printa.

## Kujua jirani

8. Ni lini nahitaji kweli kujua jirani?

Jiulize programu yako inauliza nini. "Nichoree hii" haihitaji jirani. "Nilainishe uso", "niondolee nusu ya pembetatu ila nakshi ibaki", "niambie tundu liko wapi nilizibe", "nitembee juu ya uso kutoka kizingiti hadi ncha ya mfaa", hayo yote yanahitaji. Na ukimaliza kazi hiyo, tupa jedwali la majirani, usilihifadhi kwenye faili, linatengenezeka tena kwa sekunde chache (swali la 11).

9. Nusu-ukingo ni nini na mbona mzito hivyo?

Kila ukingo unaupasua mara mbili kwa urefu, nusu moja ya pembetatu hii, nusu ya pili ya jirani, kila nusu inakwenda upande wake. Kila nusu inakumbuka inaelekea nukta gani, pacha wake ni nani, anayemfuata ni nani, na iko kwenye pembetatu gani. Kutembea ndani yake ni raha, unaruka pacha, anayefuata, pacha, anayefuata, umezunguka nukta nzima. Mzee wake ni ule ukingo wenye mabawa wa Baumgart wa miaka ya 1970, na programu kama CGAL na OpenMesh zimejengwa juu ya wazo hili.

Uzito sasa. Kingo ni mara tatu ya nukta, kwa hiyo nusu-kingo ni sita kwa kila nukta. Vitu vinne vya baiti 4 mara sita ni baiti 96. Ongeza 12 za mahali, 4 za nukta kukumbuka nusu yake moja, 8 za pembetatu mbili, umefika 120 kwa nukta moja. Mlango wetu: MB 240. Na hapo nimetumia namba za biti 32, ukifanya kama vitabu vingi vinavyofundisha, pointa (anwani za mahali kwenye memori) za biti 64, inakuwa baiti 228, MB 456, yaani zaidi ya mara mbili ya lile rundo la STL ulilokuwa unalilalamikia.

Njia ya kupunguza bila kuhama: usitumie pointa, tumia namba. Weka mapacha pamoja, 0 na 1, 2 na 3, pacha unampata kwa kugeuza biti ya mwisho, huna haja ya kumhifadhi. Au panga nusu tatu za pembetatu moja pamoja, anayefuata unampata kwa hesabu. Vyote viwili pamoja haviendi, chagua kimoja. Na ukichagua cha pili, umeshafika jedwali la kona bila kujua.

10. Jedwali la kona je?

Hili ndilo napenda. Ni la Rossignac na wenzake, na ni orodha mbili tu. Kona tatu za pembetatu ya t ni namba 3t, 3t+1 na 3t+2, hazihifadhiwi popote, ni hesabu. Orodha ya kwanza, V, inasema kona hii iko kwenye nukta gani, na hiyo unayo tayari, ni zile indeksi za swali la 4! Orodha ya pili, O, inasema kona inayonitazama ng'ambo ya ukingo ni ipi.

Pembetatu ya kona c ni c gawa kwa 3 utupe salio. Kona inayofuata ni c+1, ila kama c ni ya tatu unarudi c−2. Jirani aliye mbele yako ni O ya c. Kuizunguka nukta ni kwenda kona inayofuata, kuchukua O yake, kwenda inayofuata tena. Mistari mitano ya kodi, na mtoto wa sekondari anaifuata kwa penseli, nimejaribu, kibarazani, kwa mlango wa pembetatu nane tuliouchora kwenye daftari.

Memori: 12 za mahali, 24 za V, 24 za O, jumla baiti 60 kwa nukta. Mlango ni MB 120, nusu ya nusu-ukingo, na majirani wote unao.

11. Kujaza O kunanichukua usiku mzima

Unalinganisha kila pembetatu na kila pembetatu, sivyo? Kijana mmoja hapa aliiacha lapitopu ikihesabu toka isha mpaka alfajiri, stima ikapotea, akaanza tena. Milioni 4 mara milioni 4 haitaisha ndugu yangu.

Fanya hivi. Kila kona ina ukingo inaoutazama, wenye nukta mbili. Weka kona kwenye ndoo ya nukta yenye namba ndogo kati ya hizo mbili. Kila ndoo itakuwa na kona chache tu, sita kwa wastani, ndani ya ndoo tafuta mbili zenye nukta kubwa inayofanana, hao ni wapinzani, waandikiane. Sekunde chache na kazi imekwisha.

Tahadhari ni kilele cha memori. Watu wanatumia kamusi ya hash ya lugha yao, kila ukingo unakuwa kitu chenye pointa zake, na programu inakufa ikijenga jedwali ambalo likishajengwa lingeenea vizuri tu. Ndoo zijenge kwa orodha mbili tambarare: hesabu kwanza kila ndoo itakuwa na ngapi, jumlisha kupata mwanzo wa kila moja, halafu mimina.

Na pacha wazuri wanapita ukingo kwa mielekeo iliyopingana. Ukikuta wawili wanakwenda upande mmoja, pembetatu moja imegeuzwa ndani nje.

## Namba zenyewe

12. Je, nukta lazima iwe na desimali za biti 32?

Hapana. Mlango wa mita 3 ukiugawa hatua 65,535, kila hatua ni kama milimita 0.046. Picha zako za simu hazina usahihi huo hata siku moja. Basi hifadhi namba nzima ya biti 16 kwa kila mhimili, pamoja na mwanzo na kipimo cha mlango mzima mara moja. Baiti 12 zinakuwa 6. Kadi ya grafiki inapenda vitu vianze kwenye mafungu ya 4 kwa hiyo mara nyingi utaweka 8, hizo 2 zinazobaki tia kitu ndani, usiache wazi.

Ukishuka biti 14, hatua ni milimita 0.18 hivi. Kwa mlango mzima sawa, kwa ua dogo la nakshi utaanza kuona ngazi-ngazi mwanga ukipita kwa ubavu.

13. Nimepunguza biti, sasa kuna nyufa kati ya vipande

Kila kipande umekipa gridi yake. Nukta ya mpakani kwa kipande cha kulia imesogea hivi na kwa cha kushoto imesogea vile, katikati pamebaki uwazi na nuru inapita. Tumia kipimo kimoja kwa vipande vyote, na mwanzo wa kila kipande uangukie kwenye hatua kamili ya gridi hiyo. Sina jibu refu zaidi ya hilo.

14. Nomali nazo?

Baiti 12 kwa nomali ni israfu. Urefu wake daima ni 1, ni mwelekeo tu, kwa hiyo namba mbili zinatosha. Njia inayotumika sana ni kuikunja tufe juu ya umbo la nyuso nane kisha kulifungua liwe mraba, unahifadhi mahali kwenye mraba. Baiti 2 zinatosha kwa ukuta wa chokaa, baiti 4 kwa mbao iliyong'arishwa. Au usihifadhi kabisa, uzihesabu wakati wa kufungua faili.

## Chini zaidi, na kutuma

15. Naweza kushuka chini ya jedwali la kona na majirani nibaki nao?

Hapa ndipo patamu. Mwaka 2009 Gurung na Rossignac walionyesha kwamba unaweza kuitupa V yote ubaki na O peke yake. Siri ni mpangilio: kila nukta inapewa pembetatu yake moja, na pembetatu zinapangwa upya ili pembetatu ya 17 iwe ya nukta ya 17, na nukta hiyo ikae kona ya kwanza. Ukitaka kujua kona fulani ni ya nukta gani, unaizunguka nukta mpaka ufike kwenye ile pembetatu yake, namba ya pembetatu ndiyo namba ya nukta. Yaani baiti 24 kwa nukta, sawasawa na indeksi za kawaida, lakini majirani umepewa bure. Unalipa kwa hatua chache za kuzunguka.

Mwaka 2011 wakaenda mbali zaidi, wao na Luffel na Lindstrom. Wazo nitalieleza kwa ukili. Mama anayesuka mkeka anasuka ukili mmoja mrefu, halafu anauzungusha na kuushona ubavu kwa ubavu mpaka mkeka unatimia. Sasa fikiria njia moja inayopita juu ya kingo za wavu ikigusa karibu kila nukta mara moja, na nukta zipewe namba kwa kufuata njia hiyo. Nukta inayofuata huhitaji kuihifadhi, ni wewe jumlisha 1. Kila hatua ya njia ina pembetatu kushoto na pembetatu kulia, kwa hiyo unahifadhi nukta ya tatu ya kila moja, namba mbili tu. Zilizobaki nje ya mpango huo ni chache na zinawekwa pembeni. Wastani walioupata ni namba 1.08 hivi kwa pembetatu, dhidi ya 6 za jedwali la kona.

Je, utumie? Kama wavu haubadiliki na memori ndiyo inayokubana, ndiyo. Kama unafuta na kuongeza pembetatu kila dakika, utaikosa ile namba, manake kila badiliko linavuruga mpangilio na mpangilio ndio uliobeba kila kitu.

16. Tepe za pembetatu bado zinatumika?

Kidogo. Utepe wa pembetatu N unahitaji nukta N+2 badala ya 3N, ni ukili uleule wa swali la 15, lakini kadi za siku hizi zinafanya vizuri na indeksi za kawaida zikipangwa. Kadi inakumbuka nukta chache ilizozihesabu karibuni, ukipanga pembetatu za jirani zifuatane, kila pembetatu inahitaji kuhesabu chini ya nukta moja mpya, bora kabisa ni nusu, na zikiwa shaghalabaghala ni hadi tatu. meshoptimizer inakupangia, ni programu ya bure. Memori haipungui hata baiti moja kwa hilo, ila simu inapoa mkononi, na faili likibanwa linabanika zaidi.

17. Draco imenipa faili la MB chache, mbona simu bado inajaa?

Kwa sababu kubana kwa ajili ya safari na kubana kwa ajili ya kuishi ni vitu viwili. Mkeka unaukunja upande nao mashua, ukifika lazima uukunjue ndio ukae juu yake. Draco ya Google, na mbinu ya Edgebreaker ya Rossignac ya 1999 iliyo ndani yake, zinaandika wavu kama safari: nimeingia pembetatu hii, nimekwenda kulia, nimekwenda kushoto, nimefunga. Biti zisizozidi 2 kwa pembetatu kwa umbo rahisi lililofungika. Kuna kikomo cha chini pia, Tutte mwaka 1962 alihesabu nyavu zote zinazowezekana, na kutoka kwake tunajua kwa hali mbaya kabisa huwezi kushuka chini ya biti 3.245 kwa nukta.

Lakini huwezi kuuliza jirani wa pembetatu ya 900,000 bila kufungua toka mwanzo. Ikishafunguka inakuwa indeksi za swali la 4 kwa uzito wake wote. Bando imepona, RAM haijapona. Kwa RAM rudi swali la 5 na la 12.

18. Wavu wenyewe ni mkubwa kuliko RAM yangu

Usiupakie wote. Isenburg na Lindstrom mwaka 2005 walipendekeza faili ambalo nukta na pembetatu zimechanganywa kwa mpangilio, na faili lenyewe linakwambia "nukta hii haitatajwa tena". Ukisikia hivyo unaiachilia. Ni wapagazi wa boriti wakiteremsha jahazi, wanapokezana mkono kwa mkono, hakuna anayehitaji ghala. Kulainisha, kupima, kupunguza pembetatu, vyote vinafanyika hivyo. Kinachoshindikana ni kazi inayorukaruka huku na huku bila mpango.

## Vichwa ngumu

19. Ukingo mmoja una pembetatu tatu, jedwali linakataa

Hutokea sana ndani ya zidaka, programu inachanganyikiwa na kivuli inaunda ukuta mwembamba unaotokea katikati ya ukuta mwingine. Jedwali la kona na nusu-ukingo vyote vinadhani ukingo una pande mbili. Ninachofanya mimi ni kupasua, nukta za ukingo huo nazirudia, kila jani linapata zake, umbo linaonekana vilevile machoni ila kwenye jedwali ni vitu mbalimbali. Ukitaka kuhifadhi ukweli kwamba wameshikana, weka orodha ndogo pembeni ya kingo hizo peke yake, usiubebeshe wavu mzima mzigo wa kingo ishirini.

20. Na ukingo ambao hauna jirani?

O yake ni −1. Kuwa makini na kitanzi cha kuzunguka nukta, ukigonga −1 lazima urudi ulikoanzia uzunguke upande wa pili, la sivyo utakosa majirani nusu na hutajua. Ukihifadhi kona moja kwa kila nukta, kwa nukta za mpakani hifadhi ile ya mwanzo kabisa, utazunguka upande mmoja tu.

21. Nikifuta pembetatu memori hairudi

Kukunja ukingo mmoja katikati ya wavu, yaani kuzivuta nukta zake mbili ziwe moja, kunaondoa nukta 1 na pembetatu 2, na ukipunguza mlango kutoka milioni 4 hadi laki 2 kwa mbinu ya Garland na Heckbert ya 1997, orodha inabaki na urefu uleule imejaa maiti. Ziweke alama tu wakati wa kazi, mwishoni pitia mara moja uzibe mapengo na ubadilishe namba zote pamoja. Usizibe kila unapofuta.

22. Naandika kwa Python, nukta laki kadhaa tu na imejaa

Nukta kama tapo (tuple) ya desimali tatu: tapo yenyewe baiti 64, kila desimali 24, na pointa 8 kwenye orodha. Baiti 144 kwa kitu cha baiti 12. Tumia NumPy, arei ya float32 na uint32, hakuna zaidi.

23. Umbo kutoka kwa droni linatetemeka na limekuwa ngazi-ngazi, lakini la mlango liko sawa

Hili lilinisumbua siku mbili. Ramani za huku ziko UTM (mfumo wa ramani unaopima mahali kwa mita) kanda ya 37 kusini, na kwa Lamu namba ya kaskazini ni kama 9,749,000, mita. Desimali ya biti 32 ina biti 24 za tarakimu, ikishapita 8,388,608 hatua yake ndogo kabisa ni 1 kamili. Yaani kila nukta ya paa la Mkomani, mtaa wa hapa Lamu, inarukia mita nzima iliyo karibu nayo, kichochoro ambacho punda mwenye mzigo anapita kwa shida kinaweza kufungwa kabisa au kuwa barabara.

Tiba si kuhamia biti 64 kwa kila nukta, hiyo inakuongezea baiti 12 mara mamilioni. Chagua sehemu moja, sema kona ya Ngome, toa kutoka kwa kila nukta kabla hujaigeuza kuwa biti 32 (kabla, si baada, baada usahihi umeshapotea), halafu ukitaka shuka hadi biti 16 kama swali la 12. Mwanzo wenyewe uhifadhi kwa biti 64, namba tatu, baiti 24 kwa mji mzima.